Kupanga Mbio Zijazo Ukiwa na Jeraha: Mwongozo kwa Mkimbiaji wa Ridhaa

Mkimbiaji wa ridhaa anapoumia huvutwa na mambo mawili: mguu unaodai muda usiojulikana, na tarehe ya mashindano ambayo ameshailipia. Wengi wetu hufuata tarehe, kisha tunaubembeleza mguu utufuate. Mwongozo huu unapendekeza mguu ndio uongoze na kalenda isomwe upya kila baada ya wiki mbili, nao umeandikwa na mtu aliyeumia kano ya kisigino mara mbili, mara ya pili kwa ukaidi wake mwenyewe.

Kazi ya kwanza ni kujua kilichoumia, kwa kuwa msuli, kano na mfupa havifuati kalenda moja. Msuli ulioshtuka, wa kigimbi au wa nyuma ya paja, hujitangaza ghafla katikati ya mbio, na mara nyingi hutulia ndani ya wiki chache. Kano huanza kwa hila: unashuka kitandani asubuhi, hatua kumi za kwanza zinauma, kisha maumivu yanayeyuka, na jioni unakimbia vizuri ukidhani yamekwisha. Mfupa ulioanza kupata ufa hauna hila hiyo. Maumivu yake hukaa mahali pamoja, mara nyingi kwenye ugoko, padogo kiasi cha kufunikwa na ncha ya kidole. Huzidi kadiri unavyokimbia, huuma ukirukaruka kwa mguu mmoja, na yakifikia kukuamsha usiku hakuna tena mjadala. Acha kukimbia siku hiyohiyo, umwone daktari. Eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo inaweza kuonyesha mfupa mzima ilhali ufa upo, kwa hiyo picha safi si ruhusa ya kurudi barabarani. Maumivu ya ndani ya kinena yanayokuja kila unapokanyaga ndiyo ya kuogopwa kuliko yote, maana yanaweza kuwa ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja, nao ukivunjika kabisa utaishia chumba cha upasuaji.

Kano ya kisigino inastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu huwatesa sana wakimbiaji wa umri wa makamo na mara nyingi hutibiwa kwa mapumziko matupu. Mapumziko hupunguza maumivu, lakini kano isiyobebeshwa uzito hudhoofu, na siku unaporudi barabarani huanza kuuma palepale. Mwaka 1998 Håkan Alfredson, daktari wa upasuaji wa mifupa nchini Sweden, na wenzake walichapisha mpango wa mazoezi ambao mpaka leo wataalamu wa tiba ya viungo huurejea, na mpango wenyewe hauhitaji mashine wala fedha. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, visigino vikiwa hewani, mkono mmoja ukigusa ukuta. Jinyanyue kwa mguu mzima, hamishia uzito wote kwenye mguu unaouma, kisha shusha kisigino polepole mpaka kipite chini ya usawa wa ngazi. Hiyo ni moja. Fanya 15, pumzika, rudia mpaka seti 3 goti likiwa limenyooka, halafu seti nyingine 3 goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni. Ukijumlisha utapata mara 180 kwa siku, kila siku, kwa wiki 12. Mimi nilifanyia zoezi hili kwenye ngazi ya saruji nyuma ya jiko wakati chai ikichemka, na kufikia wiki ya nne ukingo wa ngazi ile ulikuwa umeng'aa kwa raba zangu. Zoezi linapokuwa jepesi, vaa begi mgongoni na utie mfuko wa unga wa kilo 2, baadaye kilo 5. Jihadhari na jambo moja: ikiwa maumivu yako pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino, na si sentimita chache juu yake, usishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi; fanyia sakafuni.

Sasa, utajuaje kwamba leo unaweza kukimbia? Jipimie maumivu kwa alama 0 hadi 10. Kwa kano, wataalamu wengi huvumilia maumivu yanayofika 5 wakati wa zoezi, mradi yatulie kufikia kesho yake asubuhi na yasipande wiki hadi wiki. Mimi, kwa kukimbia barabarani, nimejiwekea ukomo wa 3. Kipimo hiki hakihusu mfupa hata kidogo. Andika alama mbili kwenye daftari, ya wakati wa mbio na ya asubuhi inayofuata. Daftari langu la Desemba moja linasema hivi: "Jumanne, kilomita 6, lami, alama 2. Nimepona." Mstari wa chini yake unasema: "Jumatano asubuhi, alama 5, hatua 30 mpaka ikalegea." Mstari wa pili ndio uliokuwa na ukweli, nami niliusoma wiki kadhaa baadaye.

Niliusoma Moshi. Nilikuwa nimejiandikisha nusu marathoni ya Kilimanjaro, ambayo hupanda barabara ya Mweka na kurudi mjini kwa mteremko, na nilimeza vidonge viwili vya diklofenaki kabla ya kuanza. Kupanda kulikwenda vizuri kupita kiasi. Katika mteremko sikusikia chochote, na hapo ndipo penye hatari ya dawa za maumivu, kwani zinaizima kengele huku moto ukiendelea kuwaka. Kesho yake nilishuka kwenye basi kwa kushika viti, na mbio zangu za miezi mitano zilizofuata zikafutika. Isitoshe, dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwamo, zikichanganyika na jua kali na upungufu wa maji mwilini, zinaweza kuumiza figo. Sindano ya steroidi ndani ya kano huongeza uwezekano wa kano kukatika, kwa hiyo usiikubali kwa haraka ya kuwahi mashindano. Na lipo jambo ambalo wakimbiaji wengi hawaambiwi: siprofloksasini, antibayotiki inayotumika sana kwetu kwa homa ya matumbo na maambukizi ya njia ya mkojo, nayo inahusishwa na kano kuvimba na hata kukatika. Mwambie daktari kwamba unakimbia na kwamba kano yako ni mgonjwa, akuchagulie nyingine ikiwezekana.

Hofu ya kupoteza pumzi ndiyo inayowarudisha wengi barabarani mapema. Hofu hiyo ina msingi mdogo. Katika wiki 3 za kutokimbia kabisa, uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa kiasi cha asilimia 7 hivi, na sehemu kubwa ya upungufu huo huzuilika kwa kuendesha baiskeli au kwa kukimbia ndani ya maji. Aliye Dar es Salaam au Tanga hahitaji bwawa la kulipia. Maji yanayofika kifuani yanatosha, kwa dakika 30 hadi 40, ukivaa viatu vyepesi kwa ajili ya mawe na miba. Angalia tu majira ya kujaa na kupwa, kwa sababu siku za bamvua unaweza kufika ukakuta bahari imekwenda mbali na umebaki kukimbia kwenye tope.

Ukishaweza kutembea haraka kwa dakika 45 bila kuchechemea, na asubuhi ikapita kimya, anza kukimbia dakika 1 na kutembea dakika 2, mara 10, siku moja ukikimbia na inayofuata ukipumzika. Ongeza umbali kwanza, kisha vilima, mwisho kasi, na usiongeze viwili katika wiki moja. Mkazi wa mji tambarare kama Dar es Salaam anayejiandaa kwa Mweka atafute vilima vya Pugu, lakini si kabla ya kuweza kukimbia kilomita 10 za tambarare.

Kalenda ndiyo inayofuata. Tuseme kano imeanza kuuma katikati ya Novemba. Mbio za Kilimanjaro kwa kawaida hufanyika Jumapili ya mwisho ya Februari au ya kwanza ya Machi, yaani una wiki kama 15, na 12 kati ya hizo ni za ngazi ya saruji. Marathoni kamili haimo humo. Nusu marathoni inaweza kuwamo, kwa mwendo wa taratibu. Kwa hiyo jiwekee siku ya uamuzi, wiki 4 kabla ya mbio, na masharti yake uyaandike mapema ukiwa na akili timamu: kufikia siku hiyo niwe nimekimbia kilomita 14 zenye vilima, na asubuhi yake isizidi alama 2. Yasipotimia, hamia kilomita 5 au jiondoe. Soma pia masharti ya usajili kabla ya kulipa, ujue kama umbali unaweza kubadilishwa. Wakati huohuo weka mbio za pili mbali zaidi: Lewa, nchini Kenya, hufanyika Juni, ingawa vumbi, joto na mwinuko wa mita 1,700 hivi si mahali pa kujaribia mguu, na kwa mwenye ndoto ya kilomita 42, mbio za Nairobi, ambazo kwa miaka mingi zimefanyika Oktoba, humpa muda wa kupona na bado akabaki na wiki 16 za maandalizi.

Atakuwapo mtu klabuni wa kukutajia John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania aliyeanguka kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaumia goti na bega, akamaliza wa mwisho akiwa na bandeji mguuni, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Heshima yake haina ubishi. Lakini yeye aliumia ndani ya mbio zenyewe, akiwa ametumwa na taifa, wakati wewe unapanga kwenda mstari wa kuanzia na jeraha la wiki nane ambalo umejilipia mwenyewe nauli ya kulipeleka. Wachache hukumbuka kwamba mwaka 1970, kule Edinburgh, Akhwari alikuwa wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa saa 2 na dakika 15. Mguu ule ulikuwa umepona.

Mwaka uliofuata ule wa diklofenaki, siku yangu ya uamuzi ilifika nikiwa na kilomita 9 tu na asubuhi ya alama 3. Nilikwenda Moshi vilevile, nikasimama kwenye kona moja ya barabara ya Mweka nikiwagawia maji wenzangu wa klabu, ambao hawakukosa maneno ya kunitania walipokuwa wakishuka. Jumatatu niliamka, nikashuka kitandani, nikahesabu hatua zilizouma. Zilikuwa nne. Nikaziandika, nikaenda kutafuta ngazi ya nyumba ya wageni.