Somo: Kupanga safari ya hifadhini kwa gharama nafuu ukitokea Arusha

Hatua ya kwanza ni kujua fedha inakokwenda. Kwa raia wa Afrika Mashariki kiingilio si mzigo mkubwa. Kinachomaliza mfuko ni gari, mafuta na posho ya dereva, ambavyo hulipiwa vilevile awe abiria mmoja au sita. Jazeni gari kwanza, ndipo mjadili mnakokwenda.

Hatua ya pili ni kuchagua hifadhi kwa umbali. Tarangire iko takriban kilomita 120 kutoka Arusha, hivyo mnaweza kuondoka alfajiri na kurudi jioni bila kulipia malazi. Kati ya Julai na Oktoba, nchi inapokauka, tembo huufuata Mto Tarangire kwa makundi, na si ajabu kuwakuta wakubwa wakifukua mchanga kwa miguu na mkonga hadi maji yatokeze, huku ndama wakisubiri zamu yao. Serengeti ni habari nyingine: barabara ya kawaida kutoka Arusha hukatiza Ngorongoro, yenye mamlaka yake, kwa hiyo mtalipa huku na huku kabla ya kumwona hata simba mmoja. Kwa safari ya siku moja, mimi siishauri kabisa.

Hatua ya tatu, lipeni kwa kumbukumbu namba, yaani namba ya malipo ya serikali (control number), kupitia benki au simu, kwa kuwa getini hawapokei fedha taslimu. Kila mmoja abebe kitambulisho cha taifa.

Swali: Shikamoo mwalimu. Tuko wanne tu hapa Moshi na gari la kwenda Tarangire limetushinda. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba. Nendeni Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo njia yake huchepuka Usa River. Simba hamtawaona, lakini twiga, nyati na mbega wapo, na mnaweza kutembea kwa miguu mkiongozwa na askari mwenye silaha.

Swali: Masika bei hushuka?

Jibu: Kambi nyingi hupunguza Aprili na Mei. Tope nalo huongezeka, na tembo wengi wa Tarangire huwa wametawanyika nje ya hifadhi.

Swali: Mwalimu, tukilala Serengeti usiku mmoja, tutalipa kiingilio cha siku mbili?

Jibu: Kibali huhesabiwa saa 24. Mkiingia geti la Naabi saa nane mchana, muwe mmeshatoka kabla ya saa nane ya kesho yake. Ada ya kambi hulipwa kando.