Kusanifu Hifadhidata kwa Programu ya Michoro: Tuanze na Daftari la Kahawa

Tuseme ushirika mdogo wa wakulima wa kahawa karibu na Mbale, Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, umekuomba uhamishie daftari lake la mapokezi kwenye kompyuta. Kabla hujasakinisha programu yoyote, lipekue daftari hilo ukurasa kwa ukurasa, kisha keti kando ya mizani siku ya kupokea kahawa, kwa kuwa maswali ambayo programu itakuuliza baadaye hujibiwa hapo. Andika unayoyaona kwa sentensi fupi: mkulima mmoja huleta mizigo mingi, kila mzigo hupimwa na karani mmoja, malipo hutolewa kwa mkulima. Majina ya vitu katika sentensi hizo ndiyo yatakayokuwa majedwali yako, na vitenzi vyake vitakuwa uhusiano. Michoro ya vitu na uhusiano wake ilipendekezwa na Peter Chen mwaka 1976, na hadi leo programu nyingi za kazi hii zimejengwa juu ya wazo hilo.

Kwa anayeanza, ningependekeza MySQL Workbench, programu ya kuchora na kusimamia hifadhidata za MySQL, ambayo toleo lake la jumuiya hutolewa bure na, ikishasakinishwa, huchora bila intaneti. Anayetumia PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, atakuta chombo cha michoro ndani ya pgAdmin, programu ya kuusimamia. dbdiagram.io nayo ni nyepesi na hufanya kazi ndani ya kivinjari, ila bando likiisha kazi husimama.

Katika MySQL Workbench, fungua modeli mpya, ongeza ukurasa wa mchoro, kisha weka majedwali mawili tu: mkulima na mzigo. Kila jedwali lipe safu ya kitambulisho, utie alama kwenye visanduku vya PK, yaani ufunguo msingi, na AI (Auto Increment), ili namba ijiongeze yenyewe. Usishawishike kuifanya namba ya kitambulisho cha taifa, ile yenye herufi na tarakimu 14, kuwa ufunguo msingi. Wapo watakaofika mizanini bila kadi, na namba hiyo ni taarifa binafsi inayolindwa na sheria ya Uganda ya mwaka 2019, kwa hiyo haifai kunakiliwa katika kila jedwali.

Aina za data zinastahili uangalifu kuliko wengi wanavyodhani. Namba ya simu ihifadhiwe kama maandishi, kwa sababu ukiifanya namba ya hesabu, sifuri ya mwanzo katika 07 hupotea. Kilo zihifadhiwe kwa DECIMAL(7,2), yaani tarakimu saba, mbili kati yake zikiwa baada ya nukta. Shilingi zetu hazihitaji nafasi ya senti, lakini INT ya kawaida, aina ya namba kamili, huishia 2,147,483,647, kiasi ambacho jumla za ushirika unaokua zinaweza kukipita, kwa hiyo tumia BIGINT, yenye nafasi kubwa zaidi.

Sasa unganisha majedwali. Chagua alama ya uhusiano wa moja kwa wengi, bofya kwanza jedwali la mzigo, ndipo ubofye la mkulima, kwa kuwa ufunguo wa kigeni, yaani safu inayobeba kitambulisho cha jedwali jingine, hukaa upande wa wengi. Ukigeuza mpangilio huo, programu haitalalamika. Itaweka tu ufunguo mahali pasipo pake. Ncha yenye vidole vitatu, iitwayo mguu wa kunguru, inapaswa kugusa jedwali la mzigo.

Malipo ndiyo yaliyonitoa jasho. Katika mchoro wangu wa kwanza wa namna hii niliunganisha kila mzigo na malipo yake kwa uhusiano wa moja kwa moja, yaani mzigo mmoja malipo mamoja, nikaridhika. Karani aliutazama mchoro kwa muda, akauliza, «Ndugu, na ile nyongeza ya mwisho wa msimu utaiandika wapi?» Kumbe mzigo mmoja hulipwa kwa awamu, na malipo ya siku moja huweza kufuta deni la mizigo mitano. Huo ni uhusiano wa wengi kwa wengi, nao huhitaji jedwali la tatu, tuliite mgawo, lenye funguo mbili za kigeni, moja kutoka kwa mzigo na nyingine kutoka kwa malipo, pamoja na safu ya kiasi. Kufuta mstari kwenye mchoro kulinichukua dakika moja. Kama data ya msimu mzima ingekuwa imekwisha kuingizwa, ningehangaika kwa majuma.

Mchoro ukikubalika kwa karani na mhasibu, hifadhi faili la modeli, weka nakala nje ya kompyuta hiyo, kisha tumia amri ya Forward Engineer iliyo kwenye menyu ya Database, au Ctrl+G, ili programu iandike SQL, yaani maagizo kwa lugha ya hifadhidata, ya kuunda majedwali. Isome SQL hiyo kabla ya kuiendesha, na uiendeshe kwanza kwenye hifadhidata ya majaribio. Halafu chukua ukurasa mmoja wa daftari lile, ikiwezekana ule wenye masahihisho mengi ya kalamu nyekundu, uingize mistari yake yote. Mstari utakaokosa pa kukaa utakuonyesha sehemu ya mchoro ya kurudia.