Una boksi la disketi za zamani? Hivi ndo unavyoziorodhesha bila kuziua

Wadau, kuna mzee mmoja mwalimu mstaafu wa kule Ujiji aliniletea boksi la viatu limejaa disketi, zile ndogo za inchi 3.5, nikazihesabu 63, akaniambia mwanangu humu kuna programu zangu zote za miaka ya tisini ila sijui ipi iko wapi. Lebo nyingi wino ushafutika na zilizobaki zinadanganya, moja imeandikwa WordPerfect (programu ya kuandikia barua) ukiifungua unakuta ni mafaili ya dBase tu (programu ya kutunza kumbukumbu). Kwa hiyo mi sheria yangu ni moja, orodha inatoka ndani ya disketi sio kwenye lebo, na disketi unaisoma mara moja tu maana huna uhakika kama mara ya pili itakubali.

Unahitaji laptopu ya Windows, draivu ya disketi ya USB, stika, maka peni, WinImage, programu ya kunakili disketi nzima (ya kulipia ila unaruhusiwa kuijaribu kwanza) na 7-Zip ya kufungulia mafaili yaliyobanwa, ambayo ni ya bure.

Hatua ya 1: angalia ukungu
Hii usiiruke, hasa sisi huku Kigoma na unyevu wa ziwa. Sogeza kale kamlango ka bati pembeni, halafu kwa kidole zungusha kitovu cha chuma cha nyuma taratibu huku unaangalia ile sahani nyeusi kwenye mwanga. Ukiona madoa meupe meupe kama vumbi la unga usiingize kwenye draivu, iweke pembeni. Mi niliingiza moja nikiwa na haraka, draivu ikaanza kukwaruza, uchafu ukabaki kwenye hedi (kile kichwa cha kusomea ndani ya draivu), na disketi tatu zilizofuata zikachubuka mistari ya duara, mpaka leo inaniuma maana zile zilikuwa nzima kabisa. Draivu ikishachafuka simamisha kazi, safisha hedi kwa pamba ya masikio na spiriti, iache ikauke vizuri.

Hatua ya 2: namba
D001, D002, endelea hivyo hivyo, stika mpya kwenye kila disketi. Lebo ya zamani usiibandue hata kama inadanganya, piga picha. Kuna watu wanaandika jina ndani ya disketi kwa amri ya label, mi sikubaliani nayo, disketi ya mtu huandiki kitu juu yake.

Hatua ya 3: ifunge
Disketi ya MB 1.44 ina matundu mawili chini, lenye kakitufe ka kusogeza ndo la kufungia, lile lingine ni alama ya ujazo tu. Sogeza kakitufe mpaka uone mwanga unapita. Hapo kompyuta inaweza kusoma tu, haiwezi kuandika.

Hatua ya 4: chukua nakala nzima
Fungua WinImage, chagua draivu A, isome disketi yote halafu seva kwa jina la D001. Faili la disketi ya 1.44 linatakiwa liwe baiti 1,474,560 kamili, kama ni pungufu ujue haikumaliza. Na nakuomba sana, Windows ikikuuliza kama unataka kuformati disketi (yaani kuifuta yote) jibu HAPANA, mara nyingi maana yake imeshindwa kusoma tu, jaribu draivu nyingine kwanza. Disketi za kuinstolia Windows 95 usishangae zikigoma, nyingi zimeandikwa kwa muundo wa kubana wa kama MB 1.68 na draivu nyingi za USB haziuwezi, hizo zinataka draivu ya ndani ya kompyuta ya zamani.

Hatua ya 5: toa orodha
Kwenye WinImage toa mafaili yote uyaweke folda ya C:\disketi\D001, tengeneza na folda ya orodha, halafu fungua cmd (lile dirisha la Windows la kuandikia amri) uandike:

dir C:\disketi\D001 /s /a > C:\disketi\orodha\D001.txt

Ile /s inaingia folda za ndani, /a inaonyesha na yaliyofichwa. Ukikuta ZIP (faili lililobanwa) ifungue kwa 7-Zip kwanza ndo utoe orodha, watu zamani walibana programu nzima humo ili ienee, na amri ya dir haiingii ndani ya ZIP.

Hatua ya 6: ipe maana
Kwenye Excel weka namba, jina la programu, toleo, sehemu (mfano MS-DOS 6.22, ule mfumo wa kompyuta za zamani, ni disketi 3 za kuinstolia, zikae pamoja), kazi yake na hali. Toleo utalipata kwenye faili la maelezo la README, au iwashe ndani ya DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya zamani ya DOS, kwa sababu programu za DOS hazikubali kwenye Windows ya biti 64:

mount c C:\disketi\D001

Kutafuta sasa ni rahisi. Mzee alitaka mahesabu yake ya Lotus (programu ya zamani ya mahesabu kama Excel), na ya Lotus mengi yanaishia na WK1, nikaandika:

findstr /i "wk1" C:\disketi\orodha\*.txt

Ikaja D017 na D041, hata dakika haikuisha.

Disketi nne ziligoma kabisa. Nazo zimo kwenye orodha kwa namba zao, kwenye hali nimeandika "haisomeki, draivu mbili", ili atakayekuja na draivu nzuri zaidi ajue pa kuanzia.