Jinsi ya kuondoa nasibu inayotabirika kwenye mkataba mahiri wa upatu

Tuseme wafanyabiashara 20 wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, wanacheza upatu wa shilingi 50,000 kila wiki, na wameamua zamu za kupokea zipangwe na mkataba mahiri, yaani programu inayojiendesha kwenye mtandao wa kompyuta uitwao Ethereum, badala ya vikaratasi vilivyokunjwa. Fedha zitaendelea kutumwa kwa simu kama kawaida. Kazi ya mkataba ni kupanga zamu tu. Anayepokea wiki ya kwanza anashika milioni moja ambayo kwake ni sawa na mkopo usio na riba, kwa hiyo sababu ya mtu kutaka kuichezea kura hiyo ipo.

Ukaguzi uanze kwa kufungua msimbo na kutafuta block.timestamp (muda wa bloku, yaani fungu la miamala linaloongezwa kwenye mtandao), block.prevrandao (namba ya nasibu inayotolewa na mtandao wenyewe) na blockhash (heshi ya bloku iliyopita, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye data yake). Mara nyingi utakuta mstari wa namna hii, unaochanganya viwili vya kwanza kisha kuchukua baki ya kugawa kwa 20:

uint256 waKwanza = uint256(keccak256(abi.encodePacked(block.timestamp, block.prevrandao))) % 20;

Kwa macho namba inayotoka haina mpangilio wowote. Lakini kila kompyuta ya mtandao hulazimika kufikia jibu lile lile, kwa hiyo viambato vyote vya hesabu hiyo viko hadharani. Tangu Septemba 2022, Ethereum ilipoacha uchimbaji (kompyuta kushindana kutoa bloku), bloku hupangiwa nafasi kila baada ya sekunde 12, hivyo muda wa bloku ijayo unajulikana. Na thamani ya prevrandao itakayotumika humo hujulikana mara bloku iliyotangulia inapotoka. Mwanachama mwenye kompyuta ndogo anapiga hesabu mapema, na namba isipokuwa yake anangoja bloku nyingine. Kwa watu 20, kungoja huko ni wastani wa dakika 4 hivi. Asipotaka kukimbizana na saa, anaandika mkataba wake wa pembeni unaopiga hesabu ile ile ndani ya muamala huo huo, ambao unaita kura pale tu jibu linapomfaa na vinginevyo unautengua muamala wote. Anachopoteza ni ada ya gesi peke yake, yaani malipo ya kuendesha muamala.

Zipo kinga zinazopendwa ambazo hazikingi. Kuificha mbegu (namba ya kuanzia hesabu) katika kigeu cha private hakusaidii, kwa kuwa hifadhi ya mkataba husomwa na yeyote mwenye nodi, yaani kompyuta iliyounganishwa na mtandao huo. Kuzuia mikataba ya pembeni kwa kupima ukubwa wa msimbo wa anayeita kulishindwa katika mchezo wa Fomo3D mwaka 2018, kwa sababu mkataba ulio katika hatua ya kuundwa huonekana hauna msimbo. Sharti la tx.origin (aliyeanzisha muamala) kulingana na msg.sender (anayeuita mkataba moja kwa moja) nalo halitoshi tena, kwani tangu maboresho ya Ethereum yaitwayo Pectra ya Mei 2025 pochi ya kawaida inaweza kuendesha msimbo.

Dawa yenyewe ni kufunga orodha kabla namba haijapatikana, na kumnyima kila mtu uwezo wa kuchagua wakati wa kuitoa. Njia nyepesi ni mkataba kutaja mapema bloku ya mbele, kwa mfano ya 50 kutoka sasa, kisha kutumia heshi ya bloku hiyo, yeyote atakayeita kura. Mthibitishaji (mwenye kompyuta ya mtandao) aliyepangiwa kutoa bloku hiyo anaweza kuacha kutoa bloku yake ili kubadili matokeo, ingawa sidhani kuna mtu wa Mwaloni atakayeweka rehani ether 32 (sarafu ya Ethereum), sharti la kuwa mthibitishaji, ili awahi milioni moja. Hatari iliyo karibu zaidi ni kuchelewa: blockhash hukumbuka bloku 256 tu zilizopita, yaani kama dakika 51, na baada ya hapo hurudisha sifuri. Umeme ukikatika mtaani jioni hiyo, muda huo unapita bila mtu kujua. Bahati nasibu ya SmartBillions ilipoteza ether 400 mwaka 2017 kwa sababu ya sifuri hiyo. Basi msimbo uikatae sifuri na kupanga bloku mpya.

Kwa kikundi kinachojuana, mimi ningependelea ahadi na ufunuo. Kila mwanachama huzalisha siri ya baiti 32, akatuma heshi ya siri hiyo ikiwa imechanganywa na anwani ya pochi yake; heshi hiyo ndiyo ahadi. Anwani inazuia mwingine kunakili ahadi. Siri izalishwe na programu, wala isiwe namba ya simu au mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu siri fupi hukisiwa yote kwa muda mfupi. Ahadi zote zikishaingia, mkataba unafunga mlango, kila mmoja anafunua siri yake, na siri zote zinachanganywa kuwa mbegu ya kupanga orodha nzima.

Udhaifu wake uko kwa anayefunua mwisho, ambaye tayari anajua matokeo na anaweza kukaa kimya yakimchukiza. Watatu wa mwisho wakila njama wana matokeo 8 ya kuchagua. Anayenyamaza awekwe mwisho wa orodha na apoteze dhamana aliyomwachia mweka hazina, na dhamana hiyo iwe kubwa kuliko faida ya kumbeba rafiki. Wanachama wahifadhi nakala ya siri, maana simu iliyotumbukia ziwani na mtu aliyegoma ni kitu kimoja mbele ya mkataba.

Washiriki wakiwa maelfu wasiojuana, tumia huduma kama Chainlink VRF, ambayo hutoa namba pamoja na uthibitisho unaokaguliwa na mkataba wenyewe. Usipokee mshiriki baada ya ombi kutumwa, usiruhusu ombi kurudiwa kwa sababu jibu halikupendeza, na hakikisha kipengele kinachopokea namba hakikwami.

Mwisho, ushambulie mkataba wako mwenyewe kwenye mtandao wa majaribio wa Sepolia. Katika Foundry, programu ya kujaribia mikataba kwenye kompyuta yako, vm.warp hubadili saa na vm.prevrandao huweka thamani unayotaka. Andika jaribio la mwanachama mjanja anayeita kura mara nyingi, na ikiwa kuna bloku hata moja inayomwezesha kujiweka wa kwanza kwa kuchagua wakati wa kuita, rudi kwenye msimbo.