Kibo na Mawenzi kwa kiazi: somo la kontua la dakika 80

Kontua, mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, hazieleweki kwa kuandikwa ubaoni. Mwanafunzi anakariri kwamba mistari iliyobanana ni mteremko mkali, halafu ukimpa ramani ya vilele viwili anakwama. Somo hili linahitaji vipindi viwili vilivyoungana, na neno lenyewe "kontua" lisitajwe mpaka michoro iwe mezani.

Darasa la wanafunzi 60 ligawe makundi kumi. Kilo nne za viazi mviringo zinatosha na akiba. Pale soko la Mbuyuni, Moshi, chagua mwenyewe kimoja kimoja: urefu sentimita 10, unene 7.

Viazi vichonge nyumbani viwe na umbo la Mlima Kilimanjaro na vilele vyake viwili, Kibo na Mawenzi, maana darasani vitakula kipindi kizima. Kata chini ili kikae, juu zibaki sentimita 5. Kila sentimita ni mita 1,000, na kitako ni mita 1,000, juu kidogo ya Moshi mjini. Kibo (mita 5,895) ifike sentimita 4.9, Mawenzi (5,149) sentimita 4.2, na bonde katikati yake sentimita 3.3. Muhimu kuliko yote: punguza pembeni, chini kuwe kupana kuliko juu. Kiazi chenye tumbo hutoa mistari inayokatana, na hapo umefundisha kosa. Kila kiazi kipe upande mkali mahali tofauti.

Toboa wima kwa kijiti cha mishikaki mpaka chini: matundu mawili ndani ya Kibo, moja Mawenzi. Kisha chomoa.

Darasani, kila kundi lina galoni angavu la mafuta la lita 5 lililokatwa juu, rula iliyobandikwa wima, na chai ya rangi iliyopoa, ambayo inaonekana vizuri kuliko maji. Rula nyingi zina nafasi kabla ya sifuri. Ikate, la sivyo kila mstari utapanda. Mimina hadi sentimita 1, jicho likiwa usawa wa chai, dunga alama kuzunguka kiazi kwa kijiti cha meno (kalamu huteleza kwenye kiazi kibichi). Rudia 2, 3 na 4. Hesabu dakika 25.

Kausha, kata kufuata alama. Visu vihesabiwe vikitoka na vikirudi. Chora kitako kwa penseli, weka nukta kupitia matundu, halafu kila kipande kinachofuata kilingane na nukta zilezile. Futa wanga kwanza, karatasi isilowe.

Sasa uliza: kwa nini mstari wa mita 4,000 (sentimita 3) ni mmoja lakini wa 5,000 (sentimita 4) ni miwili? Wabishane kwa Kiswahili, majibu wayatoe kwa Kiingereza. Waambie pia mlima wenyewe umetandaa makumi ya kilomita, hauko wima namna hii.

Kwenye andalio la somo usiandike "aelewe kontua". Hakuna anayeweza kupima hilo. Andika "aoanishe ramani na umbo lake". Vipande virudishwe kwenye vijiti, makundi yabadilishane michoro, na kila kundi litafute kiazi chenye mchoro huo.