Kabla Watoto Hawajafunga Shule: Vitafunwa vya Likizo

Desemba watoto wanarudi na begi la madaftari na njaa isiyo na ratiba. Shuleni walikula kwa kengele. Nyumbani jokofu linafunguliwa kila dakika kumi. Jipange sasa, usisubiri siku wanayofunga.

Anza na matunda, msimu uko upande wako. Maembe yamejaa, mananasi yapo. Nunua kwa ndoo mgawane na jirani. Yaoshwe yakifika tu, hata yale ya kumenywa, maana kisu kinapita kwenye ganda kabla ya kufika ndani.

Viazi vitamu, magimbi, mahindi: chemsha asubuhi, funika, yaishe siku hiyo hiyo. Yai moja kila mtoto saa nne, utaona kelele zinavyopungua hadi mchana. Mihogo ipikwe. Najua sisi tulitafuna mibichi shambani tukapona, lakini mihogo michungu ina sumu ya sianidi, na mtoto hatambui mchungu mpaka ashameza.

Barafu za ukwaju tengeneza mwenyewe, kwa maji yaliyochemshwa. Friza haiui vijidudu, inavilaza tu. Ubuyu chukua ule usiotiwa rangi. Vitamini C yake ni ile ile, na mashuka yatabaki meupe. Soda iwe ya sikukuu: kola ya mililita 330 ina sukari gramu 35 hivi, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Mpimie mtoto vijiko hivyo kwenye glasi, mbele ya macho yake, halafu umuulize kama bado anaitaka. (Wangu alisema bado anaitaka. Sikumpa.)

Sasa karanga. Hapa nisikilize vizuri.

Kwanza zichambue. Yenye ukungu, iliyosinyaa au chungu itupwe, wala usimpe kuku, kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, kwa hiyo usione watu wanakutisha bure. Hilo nilikuwa nalijua, na likizo moja nilizichambua karanga zangu punje kwa punje kwenye ungo. Nisichoangalia ni nani alikuwa sebuleni.

Walikuwepo wanangu wawili wakubwa, na mtoto wa mdogo wangu, miaka mitatu kasoro, ameletwa kutusalimia. Wakubwa wakaanzisha mchezo wa kurusha karanga juu na kuidaka kwa mdomo. Mdogo naye akafungua mdomo, wakamrushia. Akapaliwa. Nilitoka jikoni nikakuta anakohoa, macho yamejaa machozi. Mama akampuliza utosini, mimi nikampa maji, kikohozi kikakata. Dakika tano baadaye alikuwa anacheza. Tukasema imeshuka.

Siku ya nne akaanza kukohoa usiku. Dawa ya maji ya kikohozi. Wiki ya pili homa, na kifua kinapiga filimbi upande mmoja. Zahanati wakasema nimonia, akachomwa sindano, akapata nafuu, ikarudi. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu. Zaidi ya mwezi mzima mtoto anazungushwa, mpaka daktari mmoja kijana akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: kabla hajaanza kukohoa, alipaliwa na kitu? Nilihisi miguu inaniishia. Karanga haionekani kwenye eksirei, akanieleza, na ikiingia kwenye bomba la mapafu mtoto anaweza kutulia kabisa siku za mwanzo. Wakamlaza usingizi, wakapitisha mrija wenye kamera kooni. Waliitoa nusu ya karanga. Nilionyeshwa kwenye kikopo: imevimba, laini, rangi ya maziwa. Kitu kidogo kuliko kucha yangu.

Basi sheria ya nyumba yangu ni hii. Aliye chini ya miaka mitano hapewi karanga nzima, hata moja, hata akilia. Ipo siagi ya karanga. Ipake nyembamba kwenye mkate au ichanganye kwenye uji. Hapewi korosho nzima, bisi, pipi ngumu, karoti mbichi, wala ubuyu wenye mbegu. Zabibu na soseji zinapasuliwa kwa urefu. Na kashata za wakubwa zinakaa juu ya kabati, siyo mezani. Kila mgeni mdogo akiingia mlangoni, sahani za wakubwa zinakaguliwa upya.

Akipaliwa na anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, usimtie vidole mdomoni ukaisukuma ndani. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Haijatoka? Simama nyuma yake, weka ngumi kati ya kitovu na mfupa wa kifua, vuta ndani kuelekea juu mara 5, kisha rudia mgongoni. Wa chini ya mwaka mmoja haminywi tumbo. Mlaze chali kwenye paja, kichwa kiwe chini, umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili. Mwenzako awe anatafuta gari. Na hata ikitulia yenyewe, mtoto akianza kukohoa au kukoroma kifuani siku za mbele, mtajie daktari karanga kabla hujamtajia homa.

Mengine unayajua. Wale wamekaa, siyo wanakimbia. Vijiti vya mishkaki vivunjwe vikishaisha. Usiwalishe kwenye bodaboda. Asali siyo ya mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya juisi. Na zile betri za duara za rimoti, zinazong'aa kama pipi, zinaunguza koo ndani ya saa chache. Rimoti ya feni yetu nimeizungushia selotepu mara tatu, na watoto wanalalamika kila siku.