Somo: Kutengeneza PDF kwenye kompyuta bila kulipa na bila kupakia nyaraka zako mtandaoni

Kila msimu wa maombi ya kazi na vyuo nakutana na ujumbe uleule: "Mkuu, nitumie Adobe ya kutengenezea PDF." Nimejibu mmojammoja vya kutosha. Somo lote nimeliweka hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Tuelewane kwanza. Ni kweli Adobe ndio walioianzisha PDF mwaka 1993, lakini tangu 2008 muundo huo ni kiwango cha kimataifa, ISO 32000, na yeyote anaruhusiwa kuandika programu ya kuutengeneza. Huna sababu ya kutafuta programu iliyovunjwa leseni. Hizo ndizo zinazoingiza virusi kwenye kompyuta za steshenari, kisha flashi za wateja zinavitembeza mtaa mzima.

Kuna na tovuti za "geuza bure". Ukipakia huko kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na taarifa ya benki, umempa nakala mtu usiyemjua, na huna njia ya kuhakikisha ameifuta. Kazi yangu ni kuchapa na kuskani nyaraka za watu, na jambo hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu kila kitu kinaweza kumalizikia mezani kwako, hata bando likiwa limeisha.

Utahitaji LibreOffice ya kuandikia hati na majedwali, NAPS2 ya kuskani, PDFsam Basic ya kuunganisha na Ghostscript ya kupunguza uzito. Zote ni bure. Zichukue kwenye tovuti zao rasmi, si kwenye kurasa za matangazo. LibreOffice ni mzigo wa mamia ya MB, kwa hiyo ishushe mara moja, uiweke kwenye flashi na uwagawie wenzako. Leseni yake inaruhusu.

1. Fungua hati yako kwa LibreOffice Writer. Faili za .docx zinafunguka.

2. Hakikisha karatasi ni A4: bofya Format, kisha Page Style, kisha Page. Kompyuta nyingi zilizowekwa Kiingereza cha Marekani huja na Letter, ambayo ni milimita 216 kwa 279, wakati A4 ni 210 kwa 297. Fanya hivi kabla ya kupanga kurasa, maana ukibadilisha mwishoni mistari yote inahama.

3. Tazama fonti. Hati ikitoka Word na Calibri au Cambria, LibreOffice huweka Carlito au Caladea ambazo upana wa herufi zake ni uleule, kwa hiyo mpangilio haubadiliki. Fonti nyingine isipokuwepo kwenye kompyuta, pitia kurasa zote. Ukishatoa PDF fonti zinasafiri ndani ya faili, na hapo atakayeipokea ataona kilekile ulichokiona wewe.

4. Bofya File, kisha Export As, kisha Export as PDF. Usitumie kitufe cha haraka kilicho juu, hakikuulizi kitu. Kwenye kidirisha, upande wa picha, chagua JPEG compression na uache 90. Chini yake weka 150 DPI (nukta kwa kila inchi) kwa faili ya kusomwa kwenye skrini, 300 kwa ya kuchapishwa. Bofya Export.

Mwenye Windows 10 au 11 anaweza pia kubonyeza Ctrl+P kwenye programu yoyote na kuchagua Microsoft Print to PDF. Inafaa kwa risiti na kurasa za mtandaoni, ila viungo vya kubofya mara nyingi hupotea.

5. Vyeti: viskani kwa NAPS2, au ingiza picha za simu kwa kitufe cha Import, zizungushe, uzipange, kisha Save PDF. Usiskani kila kitu kwa rangi na dpi 300. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 una nukta 2480 kwa 3508. Kwa rangi hiyo ni takriban MB 26 kabla ya kubanwa, kwa kijivu haifiki 9, kwa nyeusi na nyeupe tupu ni kama MB 1. Dpi 150 ni robo ya nukta hizo. Barua ya kawaida ichukue kijivu, dpi 200. Cheti chenye muhuri wa rangi kipe rangi, dpi 150 hadi 200.

6. Kuunganisha: PDFsam Basic, Merge, buruta faili, zipange, Run.

7. Kupunguza uzito. Soma hatua hii polepole, hapa ndipo watu hupoteza kazi zao. Mifumo mingi ya maombi hukataa faili ikizidi MB moja au mbili. Fungua dirisha la amri (Command Prompt au Terminal) ndani ya folda yenye faili, uandike yote kwa mstari mmoja:

gswin64c -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=ndogo.pdf kubwa.pdf

Kwenye Linux na Mac anza na gs badala ya gswin64c. Windows ikisema haiitambui amri hiyo, andika njia kamili ya mahali ilipo, ndani ya folda ya bin ya Ghostscript.

ONYO LA KWANZA: jina la faili jipya LISIFANANE na la zamani. Ghostscript huanza kuandika faili jipya wakati bado inasoma la zamani. Yakiwa na jina moja inajifutia chanzo, unabaki na faili tupu, na hakuna Ctrl+Z ya kukuokoa. Nakili folda nzima pembeni kabla hujagusa amri hii.

ONYO LA PILI: neno /ebook hushusha picha hadi dpi 150, na vyeti hubaki vinasomeka. Wapo wanaoweka /screen kwa sababu faili linakuwa dogo zaidi, lakini hiyo ni dpi 72. Namba ya mtihani na maandishi ya duara ndani ya muhuri yanageuka ukungu. Ombi likirudishwa kwa kisa hicho, dirisha la maombi huenda limeshafungwa.

ONYO LA TATU: hati yenye saini ya kidijitali usiipitishe hapa. Ikiandikwa upya, saini inavunjika.

8. Fungua faili la mwisho, kuza hadi asilimia 200, tazama kila muhuri na kila ukurasa. Ndipo utume.

MASWALI YA WANACHAMA

chapchap_moro: Mkuu nimebadilisha jina kutoka CV.docx kuwa CV.pdf inagoma kufunguka. Hii programu yako mbovu.

Jibu: Kubadili jina hakubadili kilichomo. Rudisha .docx, kisha fuata hatua ya 4.

chapchap_moro: Hiyo Export As siioni.

Jibu: Umefungua kwa LibreOffice au kwa WordPad? Tuma picha ya skrini.

chapchap_moro: WordPad.

Jibu: Mstari wa kwanza wa hatua ya 1.

mhazini_kikoba: Habari za kazi kaka. Mimi ni mhazini wa kikoba chetu, nina jedwali la michango kwenye Excel. Nikitoa PDF safu zinakatika, majina yanabaki ukurasa huu na pesa zinaenda ukurasa mwingine. Wanachama wananiuliza maswali hadi natamani kuacha uhazini.

Jibu: Nzuri dada, usiache, hili lina dawa. Fungua jedwali kwa LibreOffice Calc. Nenda Format, Page Style, kwenye Page chagua Landscape ili karatasi ilale. Kisha kwenye Sheet, sehemu ya Scaling mode, chagua Fit print range(s) to width/height. Upana andika 1, urefu acha wazi. Hapo safu zote zitabanwa ndani ya ukurasa mmoja kwa upana, na mistari itashuka kurasa nyingi kadiri inavyohitaji. Jingine litakalokusaidia: Format, Print Ranges, Edit, kwenye Rows to repeat weka $1, na mstari wa vichwa utajirudia juu ya kila ukurasa. Mwanachama akifika ukurasa wa tatu bado atajua safu ipi ni hisa na ipi ni jamii.

mhazini_kikoba: Ubarikiwe kaka, imekubali! Na neno la siri je? Kuna namba za simu za watu mle.

Jibu: Swali zuri sana. Kwenye kidirisha cha hatua ya 4 kuna Security, bofya Set Passwords. Utaona aina mbili. La kwanza ni la kufungulia faili, na hilo ndilo kufuli hasa, kwa sababu linasimba yaliyomo. La pili ni la kuzuia kuchapisha au kunakili, na hilo usilitegemee, maana programu nyingi hulipuuza. Weka la kwanza, liwe refu, na usilitume kwenye kundi lilelile la WhatsApp unakotuma faili. Watumie kwa SMS.

simu_tu: Simu inafanya haya yote. Mnahangaika nini?

Jibu: Kwa kurasa mbili simu inatosha, sijasema haitoshi. Jaribu kupanga ripoti ya kurasa 60 yenye majedwali kwenye simu, kisha urudi. Na programu ya simu inayotuma skani zako kwenye seva yake ina tatizo lilelile nililolisema juu.

mwanafunzi_dodoma: Shikamoo. Nilificha namba yangu ya NIDA kwa kuweka kiboksi cheusi juu yake kabla ya kutoa PDF. Rafiki yangu akaburuta kipanya pale, akanakili, namba ikatoka yote. Imewezekanaje?

Jibu: Marahaba. Kiboksi kimekaa juu ya maandishi, hakijayaondoa, na PDF imehifadhi vyote viwili kila kimoja mahali pake. LibreOffice tangu toleo la 6.3 la 2019 ina dawa yake: Tools, kisha Redact. Itageuza kurasa zako kuwa picha ndani ya Draw. Chora mistatili juu ya unachotaka kuficha, kisha bofya Export Redacted PDF. Chini ya weusi hapabaki herufi. Mwisho fanya jaribio lilelile la rafiki yako: buruta, nakili, ubandike mahali. Pasipotoka kitu, tuma. Na ile faili ya kwanza, kama umeshaituma kokote, waombe waifute.

mjukuu_wa_pwani: Nina magazeti ya zamani ya Kiswahili niliyoyaskani. Naweza kutafuta neno ndani ya PDF? Na tenzi za babu, zimeandikwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu.

Jibu: Magazeti, ndiyo. Kwenye NAPS2 bofya OCR (kazi ya kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha), pakua lugha ya Swahili, tia alama kwenye kisanduku cha kufanya PDF itafutike, kisha hifadhi upya. Kwa kazi hii skani dpi 300, hapa usibane. Injini yake ni Tesseract, inasoma maandishi ya kupigwa chapa. Mwandiko wa mkono haiuwezi, na kwa tenzi za babu kuna herufi ambazo waandishi wa pwani waliziongeza kwa sauti za Kiswahili ambazo Kiarabu hakina. Hizo ziskani kwa rangi, dpi 300, uzihifadhi bila kuzipunguza, kisha ukae na mzee anayezisoma mziandike ubeti kwa ubeti. Ukianza, niandikie. Nitakusaidia kupanga kurasa, picha upande mmoja na maandishi upande wa pili.

mjukuu_wa_pwani: Nitashukuru sana. LibreOffice haina menyu za Kiswahili?

Jibu: Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, menyu zote kwa Kiswahili, ila hiyo ni ya zamani sana kwa kompyuta za leo. LibreOffice nayo ina Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake za menyu, ila kitakachokusaidia zaidi ni kamusi ya kukagua tahajia. Unapoweka LibreOffice chagua Custom, tafuta Dictionaries, tia Swahili. Kisha chagua maandishi yako yote, Tools, Language, For All Text, Swahili. Mistari myekundu itapungua, ibaki kwenye makosa na maneno ambayo kamusi haiyajui.